Mama Kayai na Kicheko cha Darasani

Ukurasa huu wa uhakiki huwa tunautenga kwa riwaya, diwani na tamthilia zilizochapishwa. Safari hii tumeonelea tuzungumzie kazi isiyo na jalada wala kurasa. Tunakusudia uigizaji wa Mary Khavere, msanii wa Kenya anayefahamika zaidi kwa jina la Mama Kayai, katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kilichorushwa na televisheni ya taifa ya nchi hiyo. Sababu ya kumchagua tutaieleza mapema, kwani si ya kifasihi peke yake.

Mwanzoni mwa muhula tuliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza vipande vya Vitimbi katika somo la kusikiliza na kuzungumza. Walifurahi mno. Mzee Ojwang alipotamka “sida” badala ya “shida”, ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Tuliona kuwa somo limefaulu. Wiki iliyofuata, msichana mmoja alisimama kusoma insha yake kuhusu mama yake, ambaye huvuka kila asubuhi mpaka wa Petite Barrière kwenda kuuza mboga Goma. Katika sentensi ya pili alisema “nikiwa nimerara”. Darasa likalipuka vilevile. Walimu wawili tuliokuwamo tulicheka pia. Msichana akaikunja karatasi yake, akaketi, na kwa wiki nyingi hakunyanyua mkono tena.

Jambo hilo lililetwa katika kikao cha idara. Mwenzetu mmoja alisema video hizo ziondolewe kwa sababu zinaharibu Kiswahili sanifu na kufundisha dharau. Mwingine alijibu kuwa bila kicheko hakuna mwanafunzi atakayethubutu kufungua kinywa katika lugha ambayo wengi hapa Rubavu wameijulia sokoni. Kila upande ulikuwa na hoja, na kikao kiliisha bila uamuzi. Tuliahidi kuzitazama upya video zile, safari hii kwa jicho la mhakiki. Haya ndiyo tuliyoyaona.

MSANII NA JINA LAKE

Vitimbi ni miongoni mwa vipindi vya Kiswahili vilivyodumu muda mrefu kabisa katika televisheni ya Kenya. Kilipoanza kuvuma katika miaka ya 1980, shirika la utangazaji lilikuwa bado linaitwa Sauti ya Kenya. Jina la KBC lilikuja mwaka 1989. Nguzo ya kipindi ilikuwa nyumba ya watu wawili: Mzee Ojwang, mume mwenye maneno mengi na mipango isiyotimia, na Mama Kayai, mkewe. Ojwang aliigizwa na Benson Wanjau, aliyefariki dunia Nairobi mwezi Julai mwaka 2015 akiwa na umri wa miaka 78. Mama Kayai aliigizwa na Mary Khavere. Wawili hao waliigiza pamoja kwa miongo mitatu hivi, hata watazamaji wengi wakaamini kuwa walikuwa mume na mke kwelikweli.

Imani hiyo ya watazamaji ni sifa kubwa kwa msanii, lakini pia ni gharama. Ukiuliza mitaani Mary Khavere ni nani, wengi watatikisa kichwa. Ukimtaja Mama Kayai, hata wazee wa upande huu waliowahi kuishi Nairobi watatabasamu. Mhusika amemmeza msanii. Katika fasihi andishi hatukubali kosa hili, kwani hakuna mwanafunzi wetu anayedhani kuwa Rosa Mistika ndiye aliyejiandika. Katika sanaa ya kuigiza tunalikubali kila siku, na kwa kufanya hivyo tunasahau kwamba kilichokuwa mbele yetu kilikuwa kazi ya ufundi.

Ufundi huo ni upi? Anayemtazama kwa mara ya kwanza hudhani kuwa mcheshi ni Ojwang na kwamba Mama Kayai yupo ili kumgombeza. Ukitazama mara ya pili utaona kuwa mwendo wa mchezo unashikwa na mwanamke. Ojwang husema, naye husikiliza. Husikiliza kwa mwili mzima: kichwa kilichofungwa kitambaa huinama kidogo upande mmoja, mkono hutua kiunoni, na macho hayatoki usoni mwa mume. Uongo wa Ojwang hauchekeshi hadi pale tunapouona ukimfikia mkewe. Tunacheka kwa sababu yeye hajacheka. Anapojibu, hujibu kwa sentensi fupi, kwa sauti kavu inayopanda ghafla, na jibu lile huuporomosha mnara wote wa maneno uliojengwa na mwanamume. Wanafunzi wa tamthilia wajue kwamba kunyamaza kwa wakati unaofaa ni kugumu kuliko kusema.

LAFUDHI NI VAZI

Sasa tufike kwenye kiini cha mzozo wetu. Wanaopinga video hizi husema kuwa Vitimbi ni kuchekea lafudhi tu. Tuliwahi kufikiri hivyo nasi. Hata hivyo, kuna jambo moja linaloivuruga hoja hiyo tangu mwanzo. Benson Wanjau, aliyemwigiza Mjaluo mwenye matamshi mazito, alikuwa Mkikuyu. Mary Khavere, mkewe wa jukwaani, ni Mluhya. Nyumba ile ya Kijaluo iliyopendwa na Kenya nzima ilijengwa na watu wawili ambao lugha zao za nyumbani ni za Kibantu, ilhali Kijaluo ni Kiniloti.

Mwalimu wa fonolojia atatega sikio hapa. Kijaluo hakina sauti ya “sh” wala ya “z”, na ndiyo maana Ojwang akasema “sida” na “samba”. Kikuyu kina sauti ya “sh” katika matamshi ya wasemaji wengi, lakini hakitofautishi “l” na “r” kama Kiswahili kinavyofanya. Kwa maneno mengine, Wanjau alitoka katika lugha yenye shida ileile ya Kinyarwanda. Angeweza naye kusimama mbele ya watu akasema “nimerara”, na watu wakamcheka. Badala yake alisikiliza kwa makini kosa la jirani yake, akalijua lilipo, akalivaa na kulivua apendavyo. Hilo si kosa tena. Ni maarifa ya vitamkwa ambayo sisi huyafundisha kwa majedwali mwaka mzima na wanafunzi wakayasahau.

Tukaona basi haja ya kipimo kitakachotenganisha kicheko chenye maana na kicheko kitupu. Kipimo chetu ni chepesi. Chukua onyesho, lihamishe lote katika Kiswahili sanifu, kila “s” na “sh” mahali pake, kisha uliza: bado linachekesha? Likiendelea kuchekesha, basi tulikuwa tunacheka tabia: uongo, ubahili, majivuno, tamaa. Lafudhi ilikuwa vazi la mhusika tu, kama kofia na koti la Ojwang. Likinyamaza, basi tulikuwa tunamcheka mtu kwa mahali alikozaliwa, na hakuna kingine.

Tulijaribu kipimo hiki kwa vipande tulivyokuwa navyo vya Vitimbi. Mume anayeficha fedha asimpe mke, kisha akanaswa kwa maneno yake mwenyewe, anachekesha katika lafudhi yoyote ya dunia hii. Mke anayejifanya hajui ili mume azidi kujifunga anachekesha pia. Kwa masikio yetu lafudhi ya Mama Kayai si nzito kama ya mumewe, na hatukuona pahali ambapo yeye anafanywa kichekesho kwa jinsi anavyotamka. Anachekesha kwa sababu ana akili kuliko watu waliomzunguka, nao hawajui.

Kisha tukajaribu kipimo hichohicho kwa darasa letu. Tukaondoa ile “r” katika “nimerara” na kuweka “l”. Kilichobaki ni msichana anayemsimulia mama yake anayeamka alfajiri. Hakuna cha kuchekesha pale. Tulichokicheka siku ile ni “r” peke yake, na pamoja na “r” tulimcheka mtoto wa watu.

WALIOMFUATA

Mama Kayai hakubaki peke yake katika njia hii, na kuwatazama waliomfuata kunatusaidia kuona thamani yake. Katika Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV kilichoongozwa na Charles Bukeko hadi alipofariki Julai mwaka 2020, palikuwa na wanawake wawili waliojijengea jina. Jacqueline Nyaminde aliigiza Wilbroda, mke wa Papa, na baadaye akaingia katika utangazaji wa redio. Jacky Vike aliigiza Awinja, mtumishi wa nyumbani.

Wilbroda ni mrithi wa moja kwa moja wa Mama Kayai: mke asiyedanganyika, mwenye ulimi mkali zaidi na sauti ya juu zaidi. Awinja ni jambo jipya. Lafudhi yake ya Kiluhya ni nzito kupita kiasi, na kazi yake ni ya chini kabisa katika nyumba. Hapa hatari ni kubwa. Mtazamaji anaweza kumcheka yaya kwa kuwa ni yaya, na kwa kuwa anatamka kama yaya. Kwa maoni yetu kuna nyakati ambapo kipindi kinaangukia shimo hilo, na kipimo chetu kinakikamata. Lakini kwa sehemu kubwa Jacky Vike anaokolewa na uerevu wa mhusika wake. Awinja anajua siri za kila chumba. Ana majivuno yake, ana mapenzi yake, na humwambia mwenye nyumba mambo ambayo wageni wa sebuleni hawathubutu kuyasema. Katika futuhi za kale za Ulaya, kuanzia Roma hadi Molière, mtumishi mwerevu ni mhusika maarufu. Awinja ni ndugu yao aliyezaliwa magharibi mwa Kenya.

Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Gatuna, ametokea Anne Kansiime kutoka upande wa Kabale nchini Uganda. Alianzia katika makundi ya maigizo ya Kampala, kisha video zake fupi katika YouTube zikamfikisha barani kote, na amewahi kutumbuiza Kigali. Yeye huigiza hasa kwa Kiingereza, lakini ni Kiingereza chenye mapigo ya Kikiga, lugha iliyo jirani mno na Kinyarwanda. Wanafunzi wetu wanapomsikia husikia sauti za shangazi zao. Kansiime hajiombei radhi kwa lafudhi hiyo, wala haiweki mbele iwe ndiyo mzaha wenyewe. Husimama juu yake kama mtu anavyosimama juu ya ardhi ya kwao, kisha huanza ugomvi.

KASORO HATUZIFICHI

Mhakiki asiyetaja kasoro ni mpiga debe. Kazi ya Mama Kayai ina mipaka, na mkubwa kuliko yote ni usawiri wa mwanamke. Kwa miaka mingi alikuwa “mke”. Uhodari wake wote uliishia ndani ya ndoa ile: kumnasa mume, kumtuliza mume, kumkaripia mume. Mume ndiye aliyetoka nje kutafuta visa, na mke akamngoja navyo nyumbani. Anaweza kushinda kila mabishano, lakini kesho yake mabishano huanzishwa tena na mwanamume. Mtazamaji anayeamini kuwa wanawake wote ni wagomvi hatabadilishwa na Vitimbi, na pengine atatoka akiwa amethibitishiwa.

Tungependa kujua angefanya nini kama angepewa nafasi ya mfanyabiashara, mwalimu, au mama wa mpakani kama huyu wa mwanafunzi wetu. Swali hili si la Kenya tu. Mwigizaji mcheshi wa kike mara nyingi huambiwa achague mojawapo kati ya mke mkali, mama mkwe au mtumishi. Khavere alichukua nafasi iliyokuwapo akaijaza hadi ikafurika, lakini waliomtengea nafasi ile moja hawakosi lawama.

MZAHA KATIKA NCHI HII

Kuna wenzetu watakaosema kwamba tumelitilia uzito mno jambo dogo. Tunawajibu kwa heshima kwamba katika nchi yetu mzaha juu ya asili ya mtu haujawahi kuwa jambo dogo. Redio RTLM iliyoanza kutangaza mwaka 1993 haikuanza kwa amri za kuua. Ilivuta wasikilizaji kwa muziki, soga na utani, na utani ukazoesha masikio. Mwaka 1994 tuliona mwisho wake. Ndiyo sababu Mnyarwanda husita anapoona jirani akicheka lafudhi za makabila jukwaani, na kusita huko kuna haki yake.

Kenya nayo ilionja uchungu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba mwaka 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na Wakikuyu na Wajaluo walikuwa miongoni mwa waliosukumwa kuonana kama maadui. Wakati huo Mkikuyu aliyemwigiza Mjaluo alikuwa amekwisha kupendwa na pande zote mbili kwa zaidi ya miaka 20, huku mkewe wa jukwaani akiwa Mluhya. Hatusemi kuwa kichekesho kinazuia vita. Hakikuzuia. Tunasema tu kwamba yapo maigizo ya aina mbili: moja humvaa jirani ili kumdhalilisha, na jingine humvaa jirani hadi ikawa vigumu kumchukia. Mwalimu anayewasha video darasani anapaswa kujua ameleta ipi kati ya hizo mbili.

TURUDI DARASANI

Tulirudi darasani tukiwa na pendekezo badala ya marufuku. Kwanza tuliwaomba radhi wanafunzi, na kwa namna ya pekee yule msichana, baada ya kuzungumza naye faraghani na kupata idhini yake. Kisha tukawaeleza habari za Wanjau na Khavere, ambazo hakuna aliyekuwa akizijua. Wengi walikuwa na hakika kwamba Ojwang na mkewe walikuwa Wajaluo.

Tukawagawa wawiliwawili waandae mabishano ya dakika 3 kati ya mume aliyechelewa kurudi nyumbani na mkewe. Kila jozi ilitakiwa kuigiza mara mbili. Mara ya kwanza kila mmoja atumie kwa makusudi matamshi asiyo nayo: wa mjini aseme “batoto banasoma” kama wasemavyo ng'ambo ya mpaka, na waliokulia karibu na Goma waseme kama wanavyosema wazee wa vijijini kwetu. Mara ya pili waigize kwa Kiswahili sanifu. Waliosalia wakawa wahakiki wenye swali moja tu: mara ya pili, bado tumecheka?

Tuligundua mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwanafunzi aliyeweza kuiga “ba-” mahali pa “wa-” kwa makusudi alianza kuisikia katika maneno yake mwenyewe, bila kusahihishwa. Anayeweza kukosea kwa hiari yuko nusu ya njia ya kutokosea. La pili ni kwamba jozi zilizotegemea lafudhi peke yake zilinyamaziwa katika raundi ya pili. Zile zilizokuwa na mume mwongo na mke mwerevu zilichekesha mara zote mbili.

Yule msichana alichukua nafasi ya mke. Hakutaka kuigiza lafudhi ya mtu mwingine, nasi hatukumlazimisha. Ile “r” ilimjia mara kadhaa, mara nyingine ikawa “l”, na hatukuandika lolote. Mumewe wa mchezo alipodai kuwa alichelewa kwa sababu mpaka ulifungwa, alimtazama kitambo, mkono kiunoni, kisha akamwuliza ni mpaka gani uliopo kati ya baa na nyumbani. Darasa likacheka hadi mlango ukafunguliwa na walimu wa chumba cha pili. Safari hii hakuna aliyeuliza ametamka vipi.

Msimamo wetu basi ni huu: video za Vitimbi zibaki katika somo la kusikiliza na kuzungumza, lakini zisionyeshwe bila maelezo, na kipimo cha Kiswahili sanifu kitumike kila mara. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini mwetu, na kazi ya kuifanya iwe lugha ya kusemwa bila hofu imeachiwa walimu. Wasomaji wenye mawazo tofauti, hasa wale wanaofundisha shule za sekondari ambako kicheko ni kikali zaidi, watuandikie. Tutayachapa maoni yao katika toleo lijalo, hata yatakayotukosoa.